Kabla ya Kukokotoa Wastani

Mwanafunzi wa shahada ya kwanza ya saikolojia huko Kisii aghalabu huliogopa somo la mbinu za utafiti na takwimu, na hisabati ndiyo hulaumiwa. Lawama hiyo haistahili. Wastani hukokotolewa na tarakilishi kwa sekunde chache. Ugumu umo katika hatua inayotangulia, pale mtafiti anapoamua ni kipi kihesabiwe na kiitwe kwa jina gani. Hatua hiyo ni ya lugha.

Ushahidi uko Gusii kwenyewe. Katika miaka ya 1950, Robert na Barbara LeVine walichunguza malezi katika jamii waliyoipa jina la kubuni la Nyansongo (lisichanganywe na mji wa Nyansiongo ulioko Nyamira). Ilikuwa mojawapo ya jamii sita zilizolinganishwa katika mradi wa Beatrice na John Whiting. Katika miaka ya 1970, Robert LeVine alirejea Gusii pamoja na Sarah LeVine na wenzao, na matokeo yakachapishwa mwaka 1994. Akina mama wa Boston, Marekani, walizungumza zaidi na watoto wao wachanga na kuwatazama zaidi. Wale wa Kigusii waliwashika zaidi na kuwatuliza walipolia.

Mwanafunzi aliyekariri kuwa malezi mema ni wingi wa maneno ya mama kwa mtoto atahitimisha kwamba mama Mgusii amepungukiwa. Hesabu yake itakuwa sahihi na hitimisho lake kombo. Watazamaji wawili waweza kuafikiana kabisa juu ya idadi ya maneno, kipimo kikawa thabiti, ilhali hakipimi upendo hata chembe. LeVine na wenzake walitambua kuwa lengo la kwanza la mama huyo lilikuwa kumhifadhi mtoto hai.

Hojaji nayo ina mtego wake. Huandikwa kwa Kiingereza, ikafasiriwa papo hapo kwa Ekegusii mbele ya ajuza mwenye heshima zake. Chukulia utafiti unaolinganisha wasiwasi wa wazazi wa Kisii na wa Nyamira, kila upande ukiwa na msaidizi wake. Mmoja akifasiri "wasiwasi" kwa neno la woga, na mwingine kwa neno la mawazo mengi, jedwali litaonyesha tofauti kubwa baina ya kaunti mbili. Tofauti hiyo ni ya wafasiri wawili, wala hakuna fomula itakayoifichua.

Dawa yake yajulikana tangu Richard Brislin alipoiandikia mwaka 1970: mfasiri mmoja hufasiri, wa pili hurejesha tafsiri katika lugha ya asili bila kuiona hojaji ya kwanza, kisha matini mbili hulinganishwa. Kazi hiyo ni ya wanaosomea tafsiri na isimu. Ni ajabu basi kwamba mwanasaikolojia na mwanafunzi wa Kiswahili huweza kupitana miaka minne katika ua mmoja wa chuo, kila mmoja akiandika tasnifu yake, na hojaji ikapelekwa vijijini bila kusomwa na wa pili.