Asparagasi Haitaki Pupa

Mboga ambayo aliyeipanda hukatazwa kuionja kwa miaka miwili, si ajabu ikawa na mahasimu wengi kuliko marafiki, na mahasimu wa asparagasi wana hoja ya dhahiri: tuta liwezalo kutoa mchicha mara kadhaa kwa mwaka lifungweje kwa ajili ya machipukizi yatakayoliwa mwaka wa tatu? Kwa mpangaji, ambaye mwenye nyumba aweza kumwondoa wakati wowote, hoja hiyo ni ya haki, wala simshauri apande kitu atakachokuja kula mwingine. Lakini kwa mwenye kiwanja chake hesabu hiyo ina kasoro, kwani husahau kwamba tuta la asparagasi lililotunzwa vizuri laweza kuzaa kwa miaka 15, pengine 20, bila ya kupandwa upya.

Wala katazo hilo halikutungwa kwa inda. Chipukizi tulilalo, kama lingeachwa, lingerefuka kupita kiuno cha mtu na kuchanua nyuzi laini za kijani, na nyuzi hizo ndizo zitengenezazo chakula kinachoshuka kuwekwa akiba katika mizizi minene, ambayo kwayo hutoka mavuno ya msimu ujao. Kwa hiyo mkataji mwenye pupa hali faida, hula rasilimali. Karibu na Evesham, nchini Uingereza, ada ni kuanza kukata 23 Aprili, siku ya Mtakatifu George, na kukoma kunako 21 Juni. Wajerumani, ambao huyafukia machipukizi kwa udongo ili jua lisiyaguse yakatoka meupe, hukoma 24 Juni. (Weupe huo, kwa ulimi wangu, haulipi taabu yake.)

Huku kwetu Pwani tarehe hizo hazina hukumu, na mwenye kuzifuata kwa kuwa amezisoma kitabuni atajidanganya, maana kule baridi kali huulaza mmea kila mwaka, ilhali wetu haupati usingizi, hata ukadhoofika kwa kutoa vichipukizi vyembamba mfululizo. Wakulima wa Ica, katika jangwa la Peru, huulaza kwa kuunyima maji. Sisi, ambao mvua haituombi ruhusa, afadhali tuige mbinu ya Taiwan, ya kuyaacha mabua matatu au manne ya kila mche yakue yawe mama, na kuyakata yale tu yanayochomoza kando yao, kisha mama wakichakaa huondolewa na mengine huteuliwa kushika mahali pao.

Udongo uwe wa kichanga, usiotuamisha maji, kwani mizizi huoza upesi. Iko miche dume na jike. Jike huzaa matunda madogo mekundu yawezayo kumtamanisha mtoto, naye hafai kuyala, hivyo yachumwe mapema.

Basi mwenye kiwanja na aanze na miche michache, pembeni pasipofikiwa na jembe la kila msimu, aitilie samadi iliyooza barabara, na kwa mwaka wa kwanza na wa pili kisu akiache jikoni.