KIPANDE KIMERUDI



Wazee walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huko Saudia na Qatar wanakokwenda ndugu zetu na binti zetu, hata hizo siku mbili hazipo. Msichana anashuka kwenye ndege usiku, anachukuliwa kwa gari, na kabla hajajua choo kiko upande gani amekwisha pewa ufagio. Sisi hatulalamikii ufagio, maana kazi tumeizoea. Tunalalamikia kile alichonyang'anywa kabla ya kupewa ufagio.

Amenyang'anywa pasipoti. Tajiri ameifungia sandukuni, kisha anasema, "Nimelipa pesa nyingi kukuleta." Hapo mtu amekuwa mali.

Wenzetu, jambo hili si geni kwetu. Sheria ya kipande ilitungwa hapa mwaka 1915, na baada ya vita ikaanza kutumika kwa nguvu. Baba zetu walivaa kikasha cha chuma shingoni kama kengele ya mbuzi. Mtu hakuweza kuacha kazi mpaka tajiri atie sahihi, na akiondoka bila sahihi alitafutwa na polisi kama mwizi. Harry Thuku alipinga mambo hayo, akakamatwa Machi 1922, na watu waliokusanyika kumdai Nairobi wakapigwa risasi. Basi tunauliza: kile ambacho baba zetu walikikataa kikiwa shingoni, watoto wetu wakikubali kwa sababu kimewekwa sandukuni?

Wako wanaosema, "Avumilie tu, miaka miwili si mingi." Maneno haya yanasemwa na mawakala, yanasemwa na wazazi, na wengine wetu tumeyasema pia. Tunasema leo kwamba ni maneno mabaya. Mwenzetu mmoja wa karakana aliacha spana akaenda Uarabuni kuwa dereva. Mkataba aliotia sahihi Nairobi ulisema dereva. Siku ya pili aliwekewa mbele karatasi nyingine ya Kiarabu, kazi ni kutunza bustani na mshahara umepunguzwa. Alipouliza, akaambiwa atie sahihi au alipe nauli ya ndege. Akakumbuka alivyousiwa kuvumilia, akatia sahihi. Akafanya kazi miezi minne bila kuona hata senti moja. Kilichomwokoa si uvumilivu. Kilichomwokoa ni kwamba mkewe alikuwa na picha ya ule mkataba wa kwanza, akaenda nayo kutoka ofisi hata ofisi mpaka mtu mmoja akaona haya.

Siku za kwanza ndizo zinazoamua miaka miwili. Mgeni hajui lugha, hajui mtaa, hana kadi ya simu, na tajiri anajua kwamba hajui. Kinachokubaliwa wiki ya kwanza kinakuwa desturi wiki ya pili.

Wengine watasema sheria zipo. Ni kweli. Qatar ilitoa sheria mwaka 2015 kumkataza tajiri kukaa na pasipoti ya mfanyakazi. Mwaka 2020 ilimruhusu mfanyakazi kubadili kazi bila kibali cha tajiri wa kwanza, na tangu Machi 2021 mshahara wa chini ni riyali 1,000 kwa mwezi, hata kwa mtumishi wa nyumbani. Hizo ni hatua, hatuzidharau. Lakini sheria haiingii jikoni yenyewe. Huingizwa na chama, na huko mgeni haruhusiwi kuunda chama.

Serikali nayo ilijaribu kufunga mlango. Mwaka 2014 ilisimamisha kupeleka watumishi Mashariki ya Kati, na watu wakapitia nchi jirani. Mwaka 2017 ikafungua tena. Mwenye njaa hazuiwi kwa tangazo. Mwaka 2024 Wakenya walio ng'ambo walituma nyumbani zaidi ya dola bilioni 4, na wakubwa wakajisifu. Wanaojisifia pesa ya mtu na wamlinde mwenye pesa.

Lakini neno gumu tumeliweka kwa ajili yetu wenyewe. Katika mikutano tunasikia, "Hao si wanachama, hawalipi ada." Ndugu, reli hii tunayojivunia ilianza Mombasa mwaka 1896, ikajengwa na maelfu ya Wahindi waliokuja kwa mkataba, na karibu 2,500 kati yao walikufa hapa. Nao walikuwa wageni katika siku zao za kwanza. Makhan Singh alizaliwa Punjab, akaja Kenya mwaka 1927 akiwa kijana. Alianzisha chama cha wafanyakazi mwaka 1935, na kwa ajili ya mambo hayo akawekwa kizuizini tangu 1950 hata 1961. Hakuuliza nani amelipa ada. Sisi tukiuliza, tutakuwa tumemsahau.

Kwa hiyo tunaitaka kamati ya tawi ifanye haya:

1. Daftari liwekwe la kila mwanachama, au mtoto wa mwanachama, anayekwenda ng'ambo.

2. Mkataba usomwe kwa Kiswahili mbele ya mjumbe kabla ya kutiwa sahihi, na nakala yake na ya pasipoti zibaki ofisini.

3. Jamaa apigiwe simu kila siku kwa siku saba za kwanza. Saa ya Riyadh ni saa ya Nairobi; hatuna udhuru. Asipopatikana siku mbili, chama kiandikie ubalozi siku ya tatu.

4. Kila anayesafiri aambiwe neno hili: pasipoti ni mali ya Serikali ya Kenya, wala si ya tajiri.

Siku ya tatu huko wanatoa jembe. Siku ya tatu sisi tutoe barua.

Umoja ni nguvu.