Sanduku libaki Sange, picha mwende nazo

Wandugu wa Sange, na ninyi wote mnaotufuata toka Bukavu na Uvira,

Tulishachoka kuona watoto wetu wanakopeshwa akili kwa siku tatu. Wageni wa proje wanafika na sanduku: mota ndogo, magurudumu, sensa, kadi ya kuprogramu. Mtoto anafunga vipande, anaandika amri: sensa ya kushoto ikiona mstari mweusi, mota ya kushoto ipunguze mwendo. Kagari kanaenda kugonga ukuta. Wote wanacheka. Anageuza waya, anajaribu tena, kanafuata mstari. Hapo njo somo linaanza. Na hapohapo njo sanduku linafungwa, linapakiwa kwa jipu, linarudi mjini. Sange inabaki na picha.

Jumatatu mtoto yuleyule anarudi kwa kozi ya informatiki: kuchora kibodi kwa daftari, mwalimu akiichora ubaoni kwa chaki. Nani alijua kuogelea kwa kuchorewa Ruzizi ubaoni?

Wengine wanatuuliza: kuko vita, kuko njaa, ninyi munaomba roboti? Ndiyo, tunaomba. Vikundi vya silaha havingoji amani ndipo viandikishe mtoto. Na kuhusu njaa: bonde letu linaishi kwa mahindi, mpunga na muhogo. Mtoto aliyejua kusoma sensa ya mstari atajua kusoma sensa ya unyevu wa udongo, na kuiambia pampu iwake ao inyamaze. Hiyo si mchezo wa matajiri.

Tusiambiwe pia kwamba umeme hakuna. Mwaka 2016 kule Uingereza, BBC na wenzake waligawia watoto wa miaka 11 na 12 kadi ya micro:bit, kama milioni moja, bure. Kadi hiyo inatembea na betri mbili ndogo za AAA, na simu ya Android inaweza kuiprogramu. Bati inayoshika vipande kwenye kadi za namna hiyo hutengenezwa na kasiterite, ile wanayochimba ndugu zetu kule Nyabibwe, Kalehe. Jiwe linaondoka Kivu kwa malori. Kadi tunaletewa kwa mkopo!

Wala isisemwe ni ufundi wa wazungu. Mwaka 2013 Kinshasa iliweka roboti za kuongoza magari njiani, zinazotumia jua, kazi ya mwinjinia Mukongomani, mama Thérèse Izay Kirongozi. (Polisi yule haombi feza ya fanta.)

Basi tunadai hivi. Proje yoyote itakayoingia shule ya Sange na vifaa, iviache. Hesabu ya kila mota na kila kadi ibandikwe mlangoni, isainiwe na kamati ya wazazi, ili mkubwa wa shule naye asivipeleke nyumbani kwake. Mwalimu wa hapa afundishwe kwanza, mbele ya watoto.

Na walimu tuko. Tulisoma informatiki mpaka chuo kikuu, diplome ziko kwa sanduku, kazi hakuna. Lakini tunataka mshahara: walimu wa N.U. wanaofundisha bila kulipwa wametosha, tusiongezwe juu yao.

Wazazi, siku sanduku litakapofika, muulize swali moja kabla ya kuruhusu picha: linabaki? Kama wanasema hapana, watoto warudi darasani.