Shahidi wa Fuladoyo

Neno "shahidi" tumelirithi kutoka Kiarabu, nalo lina maana mbili: mtu atoaye ushahidi wa alichokiona, na mtu aliyeuawa kwa ajili ya imani yake. Sisi Waislamu wa pwani twalijua tangu chuoni. Lakini ni wangapi kati yetu wajuao kwamba katika bara ya Wagiriama, upande huo wa Ganze, alikuwako Mkristo mmoja aliyestahiki kuitwa hivyo?

Mwishoni mwa miaka ya 1870, Wakristo wa Kigiriama pamoja na watumwa waliotoroka mashamba ya pwani walianzisha kijiji chao Fuladoyo. Wamishenari wa Rabai wenyewe walisitasita kuwapokea watoro, wakichelea ugomvi na wenye watumwa. Aliyewaongoza watu wa Fuladoyo ni Mgiriama, David Koi. Mwaka 1883 alikamatwa na watu wa pwani, wakamuua.

Wako wasemao kwamba watoro wale walifuata kinga tu, si dini. Kama ni hivyo, kifo cha Koi kingaliwatosha kuukimbia Ukristo, maana kinga ilikwisha kuvunjika. Lakini walizidi kuwaendea Wakristo, hata mwaka 1888 kampuni ya Waingereza ikawalipa wenye watumwa fidia, na watoro zaidi ya 1,400 wakapata uhuru wao.

Mtu aliyepigwa mnada kama ng'ombe husikiaje habari ya Yesu aliyeteswa pamoja na wanyonge? Imani yetu juu ya msalaba si kama yao, jambo hilo halifichiki. Lakini tumaini walilolipata humo lafahamika na kila mwenye moyo. Bilali naye alikuwa mtumwa, akalazwa juu ya mchanga wa moto wa Makka, wala hakuiacha imani yake.

Tena tukumbuke Najashi, mfalme Mkristo wa Uhabeshi. Masahaba walipokimbilia kwake, Makureshi walimpelekea zawadi ili awatoe. Akazirudisha, asiwatoe. Twamsifu kwa hilo mpaka leo. Basi Koi naye, aliyesimama na wakimbizi mpaka akauawa, tumnyime sifa kwa kuwa waliomwua walikuwa wa kwetu?

Najua nitaambiwa: usifukue makaburi, utaleta fitina. Hasha! Fitina huletwa na jambo lililofichwa, likanong'onwa upande mmoja na kukanwa upande wa pili. Mgiriama wa Ganze na Mswahili wa Takaungu ni majirani, wanaoana na kuzikana; wanastahili kuijua habari hii kwa pamoja.

Qur'ani, katika Sura ya An-Nisaa, yatuamuru tusimamishe uadilifu na tuwe mashahidi kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, ijapokuwa ushahidi huo ni dhidi ya nafsi zetu, wazazi au jamaa zetu. Koi alitoa ushahidi wake kwa damu. Wetu ni wa ulimi tu: tuwasimulie watoto wetu yaliyotokea Fuladoyo, bila kupunguza.