Sitroneli ni chai nzuri, lakini isichukue nafasi ya kituo cha afya



Wiki iliyopita mama mmoja aliyekimbia vita alikuja kwenye mlango wa radio yetu, mtoto mgongoni na kichupa cha mafuta mkononi. Alikinunua dola tano. Muuzaji alimwambia ni mafuta ya sitroneli, yanaponyesha malaria, presha na kukosa usingizi. Mtoto alikuwa na homa siku ya tatu. Alitaka tumwambie matone mangapi ampe. Tulimpeleka kwanza kwenye kituo cha afya, na pale kipimo kilionyesha malaria. Leo natoa maoni yangu juu ya jambo hili, kwa sababu mama huyu hayuko peke yake.

Sitroneli, ambayo wengine wanaiita mchaichai, sote tunaijua. Inaota pembeni ya parsele, inazuia udongo usibebwe na mvua, na asubuhi tunaitia kwenye chai. Wengine wanaitia kwenye mchuzi wa samaki. Sina ugomvi na chai hiyo. Hata mimi naikunywa. Ugomvi wangu ni na maneno yanayouzwa pamoja nayo.

Watafiti wameichunguza nyasi hii kwa miaka mingi. Harufu yake inatoka zaidi kwenye kitu kinachoitwa sitrali, ambacho viwanda vinakitumia katika sabuni, manukato na vyakula. Ndani ya maabara, mafuta yake yanaua aina fulani za bakteria na kuvu. Lakini kuua vijidudu kwenye kichupa si sawa na kumponyesha mtu. Hata maji ya javeli yanaua vijidudu, nani atayanywa?

Huko Brazili, ambako watu wengi wanakunywa chai hii ili walale vizuri, watafiti walichapisha mwaka 1986 matokeo ya jaribio lao. Watu 50 walipewa sitroneli na mmea mwingine bila kujua kipi ni kipi. Chai haikuonekana kuwa sumu, lakini haikuwaletea usingizi zaidi ya ule mmea mwingine. Afrika Kusini, mwaka 2009, lilitangazwa jaribio kwa wagonjwa 90 wenye UKIMWI waliokuwa na utando mweupe mdomoni. Sitroneli ilionyesha dalili ya matumaini. Ni habari nzuri, lakini jaribio lilikuwa dogo na la siku chache, tena lilihusu ugonjwa wa mdomo, si malaria.

Kuna pia mchanganyiko wa jina. Mafuta ya kufukuza mbu yanayoitwa kwa Kifaransa sitroneli hutoka kwenye ndugu wa nyasi yetu, si ile ya chai. Kwa hiyo kunywa chai hakumfukuzi mbu. Chandarua kibaki kitandani. Na yale mafuta ya kichupa ni makali: yanaweza kuunguza ngozi, na mtoto asinyweshwe hata tone.

Sasa tuje kwenye biashara. Kuna watu wanaopita wakiwaambia akina mama walipe mbegu, walime, mnunuzi atakuja. Fanyeni hesabu kwanza. Majani mabichi kilo 100 hutoa, mara nyingi, mafuta yasiyofika nusu kilo. Ili kuyapata lazima uchemshe maji na kupitisha mvuke kwenye majani kwa muda mrefu. Kuni zitatoka wapi? Hapa kwetu tunajua bei ya makala, tunajua hali ya msitu wa Virunga, na tunajua yanayowapata wanawake wanaokwenda kutafuta kuni mbali na kambi. Mafuta yanayotufanya tukate msitu na kuhatarisha dada zetu si faida.

Kivu yetu imejifunza somo hili zamani. Kwa miaka mingi tulilima kinkina, na Bukavu ilitoa kinini ya kutibu malaria duniani. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani likashauri dawa ya sindano ya artesunate itumike badala ya kinini kwa malaria kali. Uamuzi ulitolewa mbali, lakini miti ilikuwa kwenye mashamba yetu. Mkulima asiweke shamba lake lote mikononi mwa mmea mmoja na mnunuzi asiyemjua.

Ninachopendekeza ni kidogo. Mwenye nafasi apande sitroneli pembeni, maharagwe na lengalenga vibaki katikati. Akina mama wakiwa kikundi, wakaushe majani kivulini na kuyauza kama chai, kwa jina la chai. Kazi hiyo haihitaji kuni. Anayeomba pesa ya mbegu aonyeshe kwanza mkataba wenye bei na jina la mnunuzi. Na watafiti wanaokuja kuwauliza wazee wetu juu ya majani, warudi kutuambia kwa Kiswahili walichokipata. Radio iko wazi.

Mtoto wa yule mama amepona kwa vidonge vya malaria. Mama yake bado anakunywa chai ya sitroneli kila asubuhi, na mimi sioni ubaya.