Nani Kasema Jangwa Ni Tupu?

Katika majalada ya ofisi neno "tupu" huandikwa kwa wepesi mno. Eneo likiisha kuitwa tupu, kibali cha kuchimba au kupitisha barabara hakikawii. Jangwa la Atacama, kaskazini ya Chile, limeitwa hivyo tangu enzi za mabepari wa shura, ile chumvi ya mbolea na baruti.

Kumbe si tupu. Yuko ndege mdogo wa baharini ambaye Wachile humwita golondrina de mar negra, yaani mbayuwayu mweusi wa bahari. Wanasayansi walimpa jina mwaka 1883, lakini makundi ya viota vyake nchini Chile hayakujulikana mpaka mwaka 2013, watazamaji ndege walipoyakuta katika mashimo chini ya gamba la chumvi. Ofisi hazikuyakuta, hazikuwa zikiyatafuta.

Na kuyatafuta si kazi ya mezani. Mchana jangwa ni kimya, kwani mzazi mmoja amejificha shimoni juu ya yai moja, na mwenziwe yuko baharini, hurejea gizani. Basi mtafutaji hutembea usiku akitega sikio sauti itokayo chini ya ardhi, ama mchana hupiga magoti shimo baada ya shimo, akitafuta unyoya, kinyesi, au ile harufu kali ya ndege hawa. Shahada niliyonayo mimi isingenifaa hapo.

Kinda likikomaa huruka usiku kuelekea baharini. Njiani hukuta taa za migodi na miji, likazuzuka na kuanguka. Maelfu hupotea hivyo kila mwaka. Kanuni ya taa ya mwaka 2012 ilihusu mikoa mitatu tu, ile yenye darubini kubwa za kutazamia nyota. Arica na Tarapacá, penye viota vingi, hazikuwamo. Nyota zilikuwa na maprofesa wa kuzisemea. Kanuni mpya, iliyoanza kutumika mwaka 2024, inaenea nchi nzima na inataja viumbe hai. Tusiibeze.

Lakini taa yaweza kufunikwa. Kiota kilichopondwa na tingatinga hakirudi. Jamaa ya ndege huyu, mwenye mkufu shingoni, kiota chake cha kwanza kilionekana mwaka 2017, katika jangwa hilo hilo. Kabla ya hapo ofisa yeyote angeweza kuandika "hakuna" na asiitwe mwongo. Kibali na kingoje mpaka watu wapige magoti huko, usiku na mchana, kwa gharama ya mchimbaji mwenyewe.