Pesa yako inalala wapi kabla haijakufikia?

SIKU hizi mfanyabiashara anayevuka Rusumo, Gatuna au Rubavu habebi tena bunda la noti kiunoni kama zamani. Anabeba simu. Naye aliyerudi nyumbani baada ya miaka mingi ya kuishi Tanzania, Uganda au Kongo, mara nyingi ameacha ndugu huko, au ana mtoto aliyekwenda mbali zaidi, Texas au Arizona, ambaye kila mwisho wa mwezi hutuma chochote cha ada ya shule au cha bati za nyumba. Malalamiko yanayofika mezani kwangu kila siku ni ya makato: wamekata mno, wamebadili dola kwa bei mbaya. Ni malalamiko ya haki. Lakini kuna swali lingine ambalo silisikii likiulizwa, nalo ni kubwa kuliko la makato. Tangu pesa inapotoka mkononi mwa aliyetuma hadi inapoingia mkononi mwa aliyetumiwa, inakaa wapi, na aliyeishika anaruhusiwa kuifanyia nini?

Wengi wetu tunadhani pesa inasafiri kama barua. Haiko hivyo. Kijana aliyeko Dallas akilipa dola 200 Ijumaa jioni, mama yake wa Kayonza anaweza kuzipata kabla hajalala. Lakini alichopokea mama si zile dola. Kampuni imemlipa kutoka kwenye fungu lililokwishawekwa huku, na hesabu kati ya Marekani na Kigali zitamalizwa siku za kazi zitakapofika. Wapo wanaotumiwa na hawaendi kuchukua kwa wiki nzima. Upo mwuza ndizi anayeuza Jumamosi na kuliacha salio kwenye simu hadi gulio la Jumanne. Kwa mtu mmoja ni fedha kidogo. Kwa mamilioni ya watu ni mlima, na mlima huo haushuki, kwa sababu huyu anapotoa, yule anaweka. Kampuni inayouona mlima huo kila asubuhi, na kujua kuwa kesho utakuwapo, lazima ishawishike kuufanyia biashara.

Hapo ndipo sheria inapohitajika. Kampuni ya kutuma pesa si benki. Benki inachukua akiba yako na kuikopesha, nawe unajua hivyo ulipofungua akaunti. Kwa ajili hiyo inadaiwa mtaji mkubwa, na nchi nyingi zimeweka mfuko wa kumfidia mwenye akiba ndogo benki ikianguka. Kampuni ya kutuma pesa inafanana zaidi na dereva wa lori. Mzigo uliomo si wake. Akiuuza njiani kwa nia ya kununua mwingine bei nafuu kabla hajafika, hata kama biashara hiyo itamlipa mara tisa kati ya kumi, sisi tutamwita mwizi.

Nchini Marekani, ambako pesa nyingi za watoto wetu zinaanzia safari, kazi hii inasimamiwa na majimbo, na karibu kila jimbo linadai leseni. Mwenye leseni anatakiwa wakati wote awe na mali salama ambayo thamani yake sokoni si pungufu ya jumla anayodaiwa na wateja. Si mwisho wa mwaka, wala siku anapokuja mkaguzi. Ni kila siku. Mwaka 2021 wasimamizi wa majimbo walikubaliana sheria ya mfano, na majimbo mengi yameshaichukua, nzima au sehemu yake. Arizona mwaka 2022 na Texas mwaka 2023 ni miongoni mwao. Inaruhusu bila kikomo fedha taslimu, amana za benki na hati za deni la serikali ya Marekani. Mali nyingine zinakubaliwa kwa kipimo, na nyingine hazihesabiwi kabisa. Kampuni ikifilisika, mali hizo zinahesabiwa kuwa amana ya wateja hata kama zilichanganywa na fedha nyingine za kampuni, ili wadai wa kampuni wasizigawane.

Kipo kifungu kimoja katika sheria hiyo ambacho natamani kila msimamizi wa ukanda wetu akisome mara mbili. Kinahusu pesa iliyoko kwa wakala. Mteja amekwishalipa dirishani, lakini wakala hajaipeleka kampuni. Je, kampuni iihesabu kuwa mali salama? Sheria inajibu kwa uangalifu: ihesabiwe, lakini iwe haijatimiza siku saba, kwa jumla isizidi nusu ya mali yote inayotakiwa, na wakala mmoja asishike zaidi ya asilimia 10. Anayefanya kazi mpakani anaelewa haraka. Pesa iliyoko kwa wakala ndiyo iliyo hatarini kuliko zote. Wakala anaweza kuibiwa, anaweza kuinunulia mchele akitumaini kuurudisha kesho, anaweza kufunga kibanda usiku na asionekane tena. Kampuni inayojihesabia kuwa ina fedha wakati fedha zenyewe zimo mifukoni mwa mawakala kwa mwezi mzima, haina fedha. Ina matumaini.

Msomaji anaweza kusema kwamba hizi ni hofu za kwenye karatasi, na kwamba kampuni kubwa haziwezi kufanya hivyo. Basi tuikumbuke MoneyGram. Jina hili liko kwenye madirisha mengi ya Afrika Mashariki. Miaka ya 2000 ilikuwa na mabilioni ya dola yaliyotokana na hundi na hawala za fedha ambazo watu walikuwa wamezinunua lakini hazijalipwa, na sehemu kubwa iliziweka katika hati zilizotokana na mikopo ya nyumba ya Wamarekani. Hati hizo hazikuokotwa uchochoroni. Zilikuwa na daraja la juu kutoka kwa mashirika yanayopima ubora wa madeni, na sheria za majimbo mengi wakati ule zilikubali hati zenye daraja la juu kuwa mali salama. Wakopaji wa nyumba waliposhindwa kulipa, hati zikaporomoka. Kampuni iliandika hasara ya zaidi ya dola bilioni 1 kwa mwaka 2007. Machi 2008 ililazimika kuokolewa na wawekezaji, Thomas H. Lee Partners na Goldman Sachs, waliotia mtaji wa dola milioni 760 pamoja na mkopo wa dola milioni 500.

Wateja walilipwa, na hilo lisemwe kwa haki. Walioumia ni wenye hisa. Lakini tusijidanganye kuwa wateja waliokolewa na daraja la juu lililoandikwa juu ya zile hati. Waliokolewa na matajiri waliokuwa tayari kununua kampuni ikiwa magotini. Kampuni ndogo, ya aina inayohudumia jamii moja tu ya wahamiaji katika miji michache, isingepata mkombozi kama huyo. Baada ya hapo MoneyGram ilihamishia fedha hizo kwenye taslimu na hati zinazodhaminiwa na serikali, yaani pale zilipotakiwa kuwa tangu mwanzo.

Hata serikali kama mdhamini haitoshi peke yake. Muda nao una maneno yake. Silicon Valley Bank ya Kalifonia ilifungwa tarehe 10 Machi 2023, na tatizo lake halikuwa hati mbovu. Ilikuwa na hati za muda mrefu, nyingi zikiwa na dhamana ya serikali ya Marekani au ya mashirika yake, ila riba zilipopanda bei ya hati hizo ikashuka, na waweka akiba walipotaka fedha zao kwa pamoja hakukuwa na njia ya kuziuza bila hasara. Ndani ya benki hiyo kulikuwa na dola bilioni 3.3 za Circle, kampuni inayotoa sarafu ya kidijitali ya USDC. Kwa siku mbili sarafu iliyoahidiwa kuwa sawa na dola 1 iliuzwa chini ya thamani hiyo, wakati fulani hata chini ya senti 90, mpaka serikali ilipotangaza kuwa waweka akiba wote watalipwa. Mwuza ndizi anayetaka salio lake Jumanne hasaidiwi na hati itakayoiva baada ya miaka kumi.

Kwetu njia iliyofuatwa ni tofauti kidogo, na kwa maoni yangu ni nzuri kwa mambo mengi. Hapa Rwanda, fedha za wateja wa pesa za simu zinatakiwa kutengwa na fedha za kampuni na kukaa benki katika akaunti ya amana. Kenya ilikwenda mbali zaidi kwa kanuni zake za mwaka 2014: fungu la amana likizidi shilingi milioni 100, haliruhusiwi kukaa benki moja, na benki yoyote isishike zaidi ya robo yake. Kabla kanuni hizo hazijatimiza miaka miwili, umuhimu wake ukaonekana. Kati ya Agosti 2015 na Aprili 2016 benki tatu za Kenya, Dubai Bank, Imperial Bank na Chase Bank, ziliwekwa chini ya usimamizi moja baada ya nyingine. Ndugu zetu wa Kongo nao wanakumbuka mwaka 2016, BIAC ilipoishiwa fedha na wateja wakasimama foleni kwa akiba yao wenyewe. Kwa hiyo mtu akikuambia kuwa pesa zako za simu ziko salama kwa sababu ziko benki, mwulize ni benki ngapi.

Lipo pia jambo la kufikika. Mwishoni mwa Januari 2025, Goma ilipoangukia mikononi mwa M23, benki za mji zilifungwa. Salio kwenye simu halikufutika, lakini noti ziliadimika, mawakala wakadai nyongeza, na watu wakavuka kuja Gisenyi kutafuta fedha taslimu. Hakuna kanuni ya mali salama inayoweza kuzuia vita. Hata hivyo, mfanyabiashara aliyekuwa na mtaji wake wote ndani ya simu alijua siku ile kwamba pesa iliyopo na pesa inayoshikika ni vitu viwili. Hesabu za usalama zinazotengenezwa Kinshasa, Kampala au Kigali bila kuuliza noti ziko umbali gani na mpaka, zinamhesabu mtu wa mpakani kama hayupo.

Kampuni zina hoja zao, nazo nimezisikia. Zinasema fedha zikilazwa benki tu hazizai kitu, na kwamba kibano kikizidi makato yatapanda. Hoja ya kwanza si kweli kabisa. Akaunti ya amana huzaa riba, na fungu likiwa kubwa riba si haba. Nchini Tanzania, Tigo Pesa, ambayo sasa inaitwa Mixx by Yas, mwaka 2014 ilianza kuwagawia wateja wake faida iliyotokana na fungu hilo. Kenya ilichagua mapato hayo yaende kwenye kazi za hisani. Mimi ningechagua njia ya Tanzania bila kusita, maana sioni kwa nini mwuza sambaza wa Rubavu atoe sadaka bila kuulizwa. Hoja ya pili ina ukweli ndani yake. Usalama una gharama, na msimamizi asiyejali gharama atawarudisha watu kwa wabadilishaji wa barabarani na kwa yule jamaa mwenye daftari anayepeleka pesa kwa neno tu. Wengine kati yao ni waaminifu kuliko kampuni. Lakini siku wasipokuwa waaminifu, huna pa kwenda.

Ninachoomba si sheria mpya nene. Naomba Benki Kuu iwadai wote wenye leseni, wa pesa za simu na wa kutuma pesa kutoka nje, watangaze kila baada ya miezi mitatu mambo machache yanayoenea karatasi moja: wanadaiwa na wateja kiasi gani, fedha hizo ziko benki zipi na kwa mafungu gani, kiasi gani kimewekwa katika hati za serikali na zinaiva lini, na kiasi gani bado kiko kwa mawakala na kwa siku ngapi. Karatasi hiyo ibandikwe kwenye kibanda cha wakala, karibu na orodha ya makato, kwa Kinyarwanda na kwa Kiswahili. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya nchi hii tangu mwaka 2017, na anayevuka kutoka Goma au Ngara hasomi Kiingereza cha ripoti za mwaka. Kwa kampuni zinazoleta fedha kutoka ughaibuni, iongezwe pia leseni ya kule zinakotoka, ili mama wa Kayonza amwambie mtoto wake wa Dallas kama dirisha analotumia lina leseni au halina.

Wakati tukisubiri karatasi hiyo, msomaji asifute ujumbe wa simu wala kutupa risiti mpaka fedha zifike, na kama wakala hatoi kimoja kati ya hivyo viwili, avuke barabara aende kwa mwingine.